Mfereji Aliouchimba Baba Mkwe

Wageni wakija kutazama mabwawa yangu, kitu cha kwanza wanachopiga picha si samaki. Ni mfereji. Wanasimama juu ya tuta na buti zao mpya, wanauliza upana, wanauliza kina, wanasifu majani yaliyopandwa kingoni, halafu mmoja wao lazima aseme kwamba hiki ndicho hasa kinachoitwa kustahimili mabadiliko ya tabianchi. Naitikia. Nawaeleza kwamba mvua ikizidi, maji ya kijito yanapita pembeni badala ya kuingia bwawani, na bwawa lenye njia ya pembeni halipasuki ovyo. Wanaandika, wananishukuru, wanapanda gari. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza mfereji ulichimbwa lini, na mimi siwaambii, maana nikianza kuwaambia nitafoka mbele za watu.

Ulichimbwa samaki wakiwa wameshaondoka.

Mimi si mtu wa huku bondeni. Nimezaliwa Ibighi, hapo hapo mjini Tukuyu, nyumba ya kupanga, mama yangu akiuza usipa sokoni. Usipa ni vile visamaki vidogo vya Ziwa Nyasa, vinavyokaushwa juani kule Kyela na kupandishwa huku kwetu kwa magunia. Nilipokuwa mdogo gunia lilikuwa linafika limeshiba hadi mdomo wake umeshonwa kwa shida. Kadiri nilivyokua, magunia yakaanza kuja yamelegea, na visamaki vyenyewe vikawa vichanga, vimekokolewa kwa vyandarua vya kulalia kabla havijajua dunia ikoje. Mama alikuwa anavimimina kiganjani, anavitazama, anatukana. Hakuwatukana wavuvi kwa sababu kaka zake wenyewe walikuwa wavuvi. Alitukana tu hewani, halafu anapanga mafungu yake.

Kila mtu alikuwa na maelezo yake. Wengine walisema ziwa limechoka, wengine joto, wengine upepo umeacha kuja kwa wakati wake. Nilichokiona mimi ni meza ya mama kubaki tupu kabla jua halijapanda, na mama kukaa nyuma ya meza hiyo akimsubiri mwenye lori kana kwamba anamsubiri Masihi. Nikajiapiza kwamba siku nikipata kipande cha ardhi chenye maji, samaki nitawafuga mwenyewe. Sitasubiri lori la mtu.

Ardhi niliipata kwa kuolewa. Mume wangu ni mtu wa Kisondela, ana migomba, ana parachichi chache, na chini ya nyumba kuna bonde lenye kijito ambacho mpaka leo hakijawahi kukauka. Ninasema ana, lakini kila kitu ni cha baba yake. Sisi tulikatiwa eneo la kukaa na kulima, na bonde nikapewa mimi nifanye ninachotaka kwa sababu hapo pana unyevu mno kwa mahindi. Nilichimba mabwawa mawili, moja juu karibu na kijito, jingine chini yake. Majirani walinicheka. Walisema mwanamke wa mjini anachimba makaburi.

Kicheko chao kilikuwa na sababu. Niliowaweka ni perege, na perege ni samaki wa joto, na huku kwetu ni baridi. Ukungu ukilala bondeni kuanzia Juni, ukitia mkono kwenye maji unasikia mifupa inauma. Samaki wanaacha kula, wanazubaa chini kwenye tope, na asubuhi unawakuta wengine wameelea matumbo juu. Wenzangu wengi waliowahi kuchimba mabwawa walikata tamaa, mabwawa yao wakayapanda magimbi. Mimi ni mbishi. Kila baridi lilipopita nilikuwa napunguza maji na kuwaangalia waliobaki. Wengi walikuwa wamedumaa, lakini hawakukosekana wachache walionenepa hivyo hivyo ndani ya baridi, kama wanaishi bwawa jingine. Hao nikawa nawatenga. Nawaacha wazaane wao kwa wao, baridi likija tena nachagua tena.

Bwana samaki, ndivyo tunavyomwita afisa uvuvi wetu wa wilaya, aliniambia nishikilie hapo hapo na nisiwachanganye na wageni. Kwa hiyo kila niliyemchagua kuwa mzazi nilimkata kipande kidogo cha ncha ya mkia kwa mkasi, ili nisimsahau. Ilinichukua miaka. Lakini nilipata samaki wanaokula Julai. Mtu asiyefuga hawezi kuelewa maneno hayo yana uzito gani. Watu walionicheka walianza kuja na ndoo kuchukua vifaranga, na jirani yangu wa chini ya bonde, mjane mmoja mwenye maneno mengi na moyo mzuri, akafufua bwawa lake lililokuwa magimbi.

Wazazi wale niliwaweka bwawa la juu. Wote. Bwawa la chini lilikuwa la kunenepesha wa kuuza, na mahali pengine pa kuchimba sikuwa napo.

Sasa lazima nieleze habari za baba mkwe, maana bila hizo hamtaelewa kitu.

Kwetu Wanyakyusa mke wa mtoto hakutani na baba mkwe. Tunaita ukutila. Hamtazamani, hamsalimiani, hampishani njiani, jina lake hulitaji. Siku hizi vijana wa mjini wanaona ni vichekesho, wanakaa sebuleni na baba wakwe wanaangalia mpira pamoja na kugombania rimoti. Lakini Mzee wangu ni wa kale, na ni mzee wa kanisa juu yake. Akitembea, kabla ya kila kona anakohoa. Nikisikia kikohozi, naacha njia, naingia kwenye migomba, nampa mgongo na kuchuchumaa mpaka apite. Na yeye hivyo hivyo: akiniona mbele yake, anaingia upande wake, anageuka, anasubiri niondoke. Hakuna ugomvi hapo. Ni heshima, tena heshima kubwa, na mama yangu alinifundisha vizuri kabla sijaolewa kwa sababu aliogopa wasije wakasema mtoto wa Ibighi hana adabu.

Miaka yote hiyo sikuwahi kumwona usoni. Ukiniuliza mkwe wangu anafananaje, nitakueleza visigino vyake. Nitakueleza kofia yake ya sufu na mlio wa fimbo yake kwenye mawe. Kanisani alikaa mbele na mimi nikakaa nyuma, na siku ya meza ya Bwana nilijipanga mstari usio wake.

Mama mkwe alipokuwa hai, maneno yalipita kwake. Alikuwa mjumbe hodari. Ulichomwambia alikifikisha kilivyo, na kama ni kikali alikiongezea pilipili. Alipofariki, akabaki mume wangu peke yake katikati yetu.

Mume wangu si mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi. Halewi, hapigi, watoto anawapenda, na bodaboda wote wa kijiweni wanamsalimia kwa furaha. Lakini mbele ya baba yake anakuwa mtoto wa chekechea. Nimemwona amesimama nje ya mlango wa Mzee na jambo lake mdomoni, anazungusha kofia mikononi, halafu anarudi nyumbani bila kugonga.

Basi, mvua zikabadilika. Rungwe inanyesha, hakuna asiyejua, lakini zamani ilikuwa inanyesha kwa kukaa. Asubuhi manyunyu, mchana manyunyu, jioni unaanika nguo jikoni. Udongo ulikuwa unakunywa polepole. Siku hizi jua linakaa na kuunguza majani ya migomba katikati ya masika, halafu mchana mmoja inamwagika yote kwa mpigo, kama ina hasira na mtu. Huko juu nako miti ya kingo za kijito imekatwa kupisha parachichi, kwa hiyo maji yanashuka na tope lake, hakuna cha kuyazuia. Nikaanza kuona tuta la bwawa la juu linatoa jasho kila baada ya mvua ya namna hiyo.

Bwana samaki alikuja, akatembea, akainama, akanionyesha mahali. Mfereji wa pembeni, akasema, upite hapa, ubebe maji yote ya ziada yasiguse bwawa. Na hapa penyewe palikuwa na migomba ya Mzee, shamba dogo la kona aliyoipanda mama mkwe mwenyewe. Haikuwa mingi. Lakini haikuwa yangu.

Nikamwomba mume wangu akamwombe baba yake. Nilimweleza vizuri kabisa, mpaka nikamchorea kwa kijiti kwenye majivu. Alikwenda. Alirudi. Akasema, "Mzee kakataa. Anasema ile migomba ni ya marehemu, haikatwi."

Nilimwamini kwa sababu lilikuwa jibu linalofanana na ukweli. Na nikamchukia yule mzee. Siongezi chumvi, nilimchukia hasa. Kila nilipochuchumaa kwenye migomba na kusikia fimbo yake ikipita nyuma yangu, nilikuwa namtukana kimoyomoyo matusi ya sokoni niliyojifunza nikiwa chini ya meza ya mama. Mwaka uliofuata nikamtuma tena mume wangu. Akarudi na jibu lile lile, akalisema huku anafungua kamba za viatu, bila kuniangalia. Nikajaza udongo kwenye viroba na kuvipanga juu ya tuta. Sikuwa na jingine la kufanya.

Ikaja Aprili. Mume wangu alikuwa msibani Masukulu. Ilikuwa baada ya chakula cha mchana, jua linawaka, nimeanika mahindi. Wingu lilitoka nyuma ya mlima likafika kabla sijamaliza kuanua. Nimeishi na mvua maisha yangu yote lakini ile nilisema hapana, hii si mvua, huu ni ugomvi. Niliacha mahindi pale pale, nikachukua jembe, nikashuka mbio.

Kwenye mdomo wa bwawa la juu, pale maji ya kijito yanapoingilia, kuna ubao. Ukiusukuma chini na kukata mlango mdogo pembeni kwa jembe, kijito kinageuka na kumwagikia magugu ya upande wa pili. Ni kazi fupi. Njia ya kufika pale ni moja tu, inapita katikati ya migomba. Nilikuwa nimebakiza mwendo wa kumrushia mtu jiwe nilipokisikia kikohozi.

Mwili wangu haukuniuliza. Nilikuwa nimeshaingia kwenye migomba, nimegeuka, nimechuchumaa, jembe nimelikumbatia. Nikawaza, apite upesi huyu, apite tu. Mvua ilikuwa inapiga yale majani mapana kiasi kwamba husikii hata pumzi yako. Nikasubiri asikie aibu apite. Hapiti. Nikajiambia mzee huyu hana hata huruma, anajua kabisa mimi niko hapa na bwawa linakufa, amesimama tu njiani kunikomoa.

Halafu nikasikia mshindo. Haukuwa mkubwa, ulikuwa mzito tu, kama gunia la viazi limedondoshwa sakafuni. Nikajua. Nikasimama.

Tuta la bwawa la juu lilikuwa wazi katikati, maji mekundu yanatoka kwa upana wa mlango wa kanisa na kulifukia bwawa la chini. Na ng'ambo ya njia, kati ya mashina, niliviona vile visigino. Mzee alikuwa amechuchumaa kwenye migomba ya upande wake, amenipa mgongo, kofia inachuruzika maji, na mkononi ameshika jembe. Alikuwa ameiona hatari kutoka juu nyumbani kwake akashuka kuja kufungua maji. Akaniona. Akakohoa, akaingia pembeni kwa heshima, akasubiri nipite.

Tulikuwa tunasubiriana. Kila mtu na jembe lake, kila mtu anamheshimu mwenzake, na ubao uko pale mbele yetu. Hata baada ya ule mshindo hakugeuka. Aliendelea kuutazama mgomba mpaka nilipoondoka.

Samaki walikwenda na maji mpaka kwenye majani ya bonde la chini, na watu wakatoka na ndoo, vikapu, mashuka. Siwalaumu. Samaki aliyelala kwenye nyasi hana mwenyewe, hata mimi ningeokota. Niliokota niwezao. Waliokuwa hai hawakuwa wale wenye mkia uliokatwa.

Kesho yake mjane wa chini alikuja kunipa pole. Alinikuta nimekaa kizingitini na tope langu la jana miguuni, akanikokota mpaka kwake, akaninawisha kama mgonjwa. Akapika. Akaleta sinia la ndizi za mbalaga na bakuli la samaki wa nazi, mmoja mkubwa, mzima mzima, akasema kula mwanangu, mwenye njaa halii vizuri. Nikamgeuza yule samaki kwa kidole. Ncha ya mkia ilikuwa imekatwa.

Mama yule hakujua. Alikuwa ameokota samaki mnene akaona huyu ndiye wa kumpa mfiwa. Nilikula. Ningefanyaje? Nilichambua miiba, nikalamba mchuzi, nikasema ndaga, asante sana mama. Alikuwa mtamu. Nililia nikiwa njiani narudi, na nililia kwa hasira, si kwa huzuni.

Siku chache baadaye nilikuwa ndani ya bwawa tupu nachota tope. Nikasikia kikohozi. Nikajibanza nyuma ya lile tuta lililobaki, mgongo kwake. Alikuwa amekuja na mbuzi wake jike mweusi, akamfunga kwenye shina, na badala ya kuondoka akabaki. Halafu akaanza kuongea. Kwetu ukiwa na neno zito kwa mtu usiyeruhusiwa kusema naye, unamwambia mnyama, naye mwenye masikio anasikia.

"Mbuzi," akasema, "mwambie mwenye samaki pole. Mwambie ile migomba niliona mwaka juzi kwamba imekaa njia ya maji. Nilikuwa nangoja kuombwa. Hakuna mtu aliyekuja kuniomba."

Fimbo ikaondoka kwenye mawe. Mbuzi akaendelea kula. Nilibaki pale nimeshika ndoo ya tope, na ile chuki yote niliyokuwa nimemwekea mzee sikujua pa kuipeleka. Nilijua baada ya muda mfupi tu.

Mume wangu nilimkuta jikoni anamenya maharage. Sikupiga kelele. Nilimuuliza kama aliwahi kumwomba baba yake ile migomba. Aliendelea kumenya. Nikauliza tena. Akaweka ungo chini.

"Nilikuwa natafuta siku nzuri ya kumwambia," akasema.

Na habari ya migomba ya marehemu? Akasema alijua tu Mzee angejibu hivyo, kwa hiyo akaona atuepushie wote wawili maudhi. Alisema kwa upole kabisa, kama mtu aliyenifanyia wema. Nilicheka. Nilicheka mpaka watoto wakaja mlangoni kuangalia. Halafu nikamwambia kwamba nimemchukia baba yake misimu miwili mizima kwa kosa ambalo hakulifanya, na kwamba samaki wangu wameliwa na kijiji kwa sababu yeye ana domo zege la kuongea na mtu aliyemzaa. Akasema nisamehe. Akarudi kwenye maharage. Ndoa yetu ipo, tunakula pamoja, tunasali pamoja, lakini kuna kitu kilipasuka siku ile, na hakuna mfereji wa kukisaidia.

Mwezi wa sita, ukungu umeshashuka, Mzee akaanza kuchimba. Hakumwambia mtu. Alikata migomba ya marehemu mke wake shina kwa shina, akang'oa visiki, akachimba kutoka juu kwenye kijito mpaka chini kabisa bondeni. Mume wangu alipomwona akaona aibu akaenda kumsaidia. Mimi sikuweza kusogea. Kila asubuhi alikuwa pale, kwa hiyo bwawani kwangu mwenyewe nilikuwa sifiki mpaka asikike akikohoa anaondoka. Nilikuwa nasimama juu nyuma ya jiko nasikiliza jembe. Ni mzee sana. Alikuwa anapumzika mara nyingi. Kazi aliyoifanya ni safi, na kingoni alipanda majani yanayoshika udongo, yale ambayo wageni wanayapenda.

Samaki nilianza upya. Mjane wa chini alinirudishia waliozaliwa na wangu, wale waliotokana na vifaranga nilivyompa, na alipoelewa ni kwa nini nawataka akajifunika uso na upande wa kanga. Sikumwambia habari ya ule mkia. Nilitengeneza tuta, nikawaweka, nikaanza kuchagua kutoka mwanzo, baridi kwa baridi. Julai ya mwaka huu waliokula ni wachache. Wanaenea kwenye ndoo moja. Ndio wote nilio nao, na wote wako tena bwawa moja, kwa sababu bado sina mahali pengine.

Mfereji ni mzuri, lakini umechimbwa kwa kipimo cha ile mvua tuliyoiona. Ijayo siijui, na bwana samaki naye haijui. Tulikubaliana kwamba nitenge nusu ya wazazi kwenye bwawa dogo la pili, mahali ambapo kijito hakifiki kabisa, ili balaa likija upande mmoja nibaki na mbegu upande wa pili. Mahali penyewe papo. Ni kona ya juu kwenye chemchemi, nyuma ya nyumba ya Mzee, panaota magugu tu. Panatakiwa kuchimbwa kiangazi, kabla ya mvua.

Safari hii sikumtuma mtu. Nilivaa kitenge changu cha kanisani, nikapiga moyo konde, nikapanda. Ilikuwa asubuhi, umande umeshakauka. Karibu na nyumba nikakisikia kikohozi. Miguu ikataka kuingia kwenye migomba, nikaikatalia. Nikasimama katikati ya njia mpaka akatokea.

Basi ndivyo anavyofanana. Ana uso mdogo kuliko kikohozi chake. Jicho moja lina mtoto wa jicho, limefunikwa kabisa. Alishtuka, akasimama, na kwa kitambo kidogo tulitazamana kama watu wawili waliopotezana zamani. Nikapiga magoti. Nikasema, "Baba, naomba ile kona ya chemchemi nichimbe bwawa la wazazi wa samaki kabla mvua hazijaanza. Nimekuja mwenyewe ili neno lisipotee njiani."

Akageuka polepole, akanipa mgongo, akamtafuta mbuzi wake aliyekuwa amefungwa kwenye ua.

"Mbuzi," akasema, na sauti yake haikuwa ya hasira, "mwambie mwenye samaki kona ipo, haina kazi. Ila mke wa mtu hajiombei ardhi. Mwenye mke aje aniombe."

Akaingia ndani, akafunga mlango taratibu.

Nilishuka na magoti yangu ya vumbi. Kuchimba bila ruhusa siwezi, ni kutafuta kufukuzwa pamoja na watoto. Nilimweleza mume wangu neno kwa neno, nikamwambia Mzee ameshakubali, kilichobaki ni mdomo wako tu. Akafurahi sana. Akasema nitakwenda.

Hiyo ilikuwa Septemba. Kwanza mguu wa Mzee ulikuwa unamsumbua. Halafu akawa na wageni kutoka Kyela. Halafu kukawa na vikao vya kanisa, na Mzee akitoka vikaoni huwa amechoka. Sasa ni Novemba, mlima umeshavaa mawingu hauvui, na udongo wa kule kwenye chemchemi umeanza kuwa mzito. Leo asubuhi matone ya kwanza yamegonga bati tukiwa kwenye chai. Nimemuuliza tena. Ameweka kikombe, akaenda mlangoni, akatazama juu kwa baba yake kwa muda mrefu, akasema leo siyo siku nzuri ya kumwambia.